Unataka kuwasha gari kwa rimoti? Aina za kununua, kuanzia salama zaidi mpaka ya kukaa nayo mbali

Watu wengi wakitafuta kifaa cha kuwashia gari kwa mbali wanauliza vitu viwili tu, bei na rimoti inashika umbali gani. Naomba uanze na swali lingine kabisa: hicho kifaa kinaidanganyaje gari iamini kwamba ufunguo upo wakati ufunguo uko mfukoni kwako ndani ya nyumba?

Gari nyingi za siku hizi zina imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu, gari inaiuliza, isipojibu sawasawa injini haiwaki au inawaka sekunde mbili inazima. Ulaya waliilazimisha kwenye gari mpya tangu 1998, Australia 2001, Kanada 2007. Marekani hawakulazimisha na matokeo dunia nzima imeyaona, Hyundai na Kia nyingi za kati ya 2011 na 2021 zilizouzwa kule bila imobilaiza zikawa zinaibiwa na vijana wadogo, wanavunja kava chini ya usukani alafu wanazungusha swichi kwa kichwa cha waya wa USB. Basi. Gari imeondoka.

Sasa kifaa chochote cha kuwasha kwa mbali kinachoongezwa kwenye gari ya namna hiyo lazima kiizunguke hiyo imobilaiza kwa njia fulani, hakuna namna nyingine. Hiyo njia ndo kitu unachonunua kwa kweli, na nimepanga hizi aina kwa kuangalia hapo kwanza, starehe baadae.

Kabla sijaanza kuna hofu moja niitoe, ile ya kwamba mwizi atavunja kioo, atakuta injini inanguruma, atakaa aondoke. Kifaa kizuri kilichofungwa vizuri hakimruhusu. Injini inawaka milango ikiwa imefungwa, na mtu akikanyaga breki bila ufunguo halali kuwepo, injini inazima papohapo. Ila hayo yote yanategemea waya wa breki umeunganishwa kweli na fundi ameujaribu, ndo maana nitarudi kwenye habari ya fundi chini huko.

Namba moja ni ile ya kiwandani. Gari imetoka nayo, au ni nyongeza rasmi ya mtengenezaji wa gari, unabonyeza ufunguo uleule unaotumia siku zote. Kompyuta ya gari yenyewe ndo inafanya kazi, hakuna waya unaokatwa, hakuna mlango mpya unaofunguliwa kwenye imobilaiza. Mara nyingi haishiki mbali sana, na uliza mapema kama kuna malipo ya kila mwezi maana 2021 wenye Toyota kadhaa Marekani waligundua kwamba kuwasha kwa ufunguo wao wenyewe kumefungwa na huduma ya kulipia, muda wa bure ukiisha kitufe hakifanyi kitu. Na kuwa ya kiwandani hakumaanishi haina tundu. 2022 watafiti walionyesha Honda Civic za 2016 mpaka 2020 zinavotuma mawimbi yaleyale kila mara, ukiyarekodi hewani na kuyarudisha unafungua mlango na injini inawaka. Lakini angalia hapa, hata hapo gari haikuweza kuendeshwa bila chipu ya ufunguo, kwasababu imobilaiza ilikuwa haijaguswa. Hiyo ndo tofauti ninayoisema.

Namba mbili, ni nyongeza ya kampuni nyingine lakini inayotumia ufunguo wako wa gari, kwa kawaida unabonyeza kitufe cha kufunga milango mara tatu mfululizo na injini inawaka. Kampuni kama Fortin na iDatalink zinatengeneza moduli, yaani visanduku vidogo vya umeme, zinazoongea na kompyuta ya gari kwa lugha yake, hivo mara nyingi hakuna rimoti ya pili. Naipenda hii kuliko watu wengi wanavoipenda. Huna kitu kipya cha kupoteza, huna mawimbi mapya ya rimoti ya mtu kuyarekodi, na kwa gari nyingi kuna soketi za kuchomeka moja kwa moja bila kukata waya. Umbali wake ni umbali wa ufunguo wako, hauongezeki hata kidogo. Kama gari unaegesha nje ya dirisha inatosha kabisa, kama unakaa ghorofa ya kumi na gari iko upande wa pili wa jengo basi haitakusaidia.

Kwa huyo wa ghorofani ndo kuna namba tatu, rimoti yake yenyewe ya masafa marefu, Compustar, Viper na wengine wa aina hiyo. Humo kuna za njia moja na za njia mbili. Njia moja unatuma amri tu, hujui imefika au haijafika. Njia mbili rimoti inakujibu, imewaka, haijawaka, mlango uko wazi. Chukua ya njia mbili. Hata kama bei imepanda, punguza umbali lakini usipunguze jibu, kwasababu mtu mwenye ya njia moja hubonyeza bila kujua, anaondoka dirishani, gari inanguruma mahali ambapo hakutaka ingurume. Hakikisha pia inatumia kodi, ile namba ya siri rimoti inayoitumia gari, inayobadilika kila ukibonyeza. Hata hiyo siyo ngao kamili, 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kidude kidogo cha bei rahisi kinachoziba mawimbi na kuiba kodi ambayo haijatumika bado, lakini kodi isiyobadilika ni mbaya mara mia maana mtu akiirekodi leo ataitumia mwaka mzima.

Namba nne ni ya simu, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo watu wanaipenda zaidi na ndo yenye mambo mengi. Unaweka apu, unawasha gari ukiwa mji mwingine, unaiona iko wapi kwenye ramani. Raha sana. Tatizo ni kwamba sasa ufunguo wa gari yako umehamia kwenye sava ya kampuni, na anayetaka kukusumbua hahitaji hata kuisogelea gari. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Uingereza, Pen Test Partners, ilikagua apu za Viper na Pandora, ikakuta mtu yeyote angeweza kubadilisha barua pepe au pasiwedi ya akaunti ya mtu mwingine, akaichukua yote, akaona gari ilipo, akafungua milango, na walikadiria gari mpaka milioni 3 zilikuwa hatarini. Pandora walikuwa wanatangaza kwamba bidhaa yao haiwezi kudukuliwa! Mwaka huohuo ikaonekana apu ya MyCar ya Kanada ilikuwa na jina na pasiwedi ya msimamizi zimeandikwa ndani ya apu yenyewe, kwahiyo aliyeifungua na kuisoma alikuwa na njia ya kuyafikia magari ya watu. Hayo yalirekebishwa. Lakini usidhani ni vikampuni vidogo tu, 2024 watafiti walionyesha kwamba kwa Kia nyingi ukiwa na namba ya gari tu, ile ya kwenye bati, unaweza kuifungua na kuiwasha ndani ya kama nusu dakika, na Januari 2025 watafiti wakaeleza tundu la Subaru lililowapa uwezo wa kuwasha, kuzima, na kuona gari imetembea wapi kwa mwaka mzima. Yote mawili yalikuwa yameshazibwa yalipotangazwa.

Naona ya simu inafaa kama nyongeza juu ya namba mbili au tatu, isiwe ndo njia pekee. Mtandao nao unakufa, AT&T (kampuni ya simu ya Marekani) walipozima 3G mwezi wa pili 2022 vifaa vya magari vilivyotegemea 3G vilibaki vyuma tu, kwahiyo uliza kinatumia mtandao gani. Ukinunua, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako wewe, sio ya fundi, pasiwedi usiyoitumia kwingine popote, na uthibitisho wa hatua mbili kama upo. Kama haupo ningetafuta nyingine. Alafu kuna vile vifaa vya bei ya kutupa vya GPS vinavyokuja pamoja na kuwasha au kuzima injini kwa meseji, jamani hivyo viogope, vingi vinatoka na pasiwedi 123456. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi kuhusu kimoja, MiCODUS MV720, ambacho aliyekifikia angeweza kukata mafuta gari ikiwa barabarani.

Namba tano sio bidhaa, ni namna ya kufunga, na unaweza kuuziwa bila kuambiwa. Fundi anakuomba ufunguo wa akiba. Anauchukua, au chipu yake, anaufunga ndani ya dashibodi na waya umezungushwa karibu na swichi, kifaa kikiwasha imobilaiza inausoma huo. Inafanya kazi, miaka ya nyuma ilikuwa kawaida kabisa. Lakini sasa gari yako inatembea na ufunguo wake tumboni. Kisanduku kizuri cha kuushikia kinauamsha ule ufunguo kwa wakati wa kuwasha kwa mbali tu, kibaya kinauacha hai masaa 24, na hapo imobilaiza umeshaiua. Kwa gari ya kubonyeza kitufe ndo balaa zaidi, kile kinga cha breki nilichokisema mwanzo hakina maana tena kwasababu gari inaona ufunguo upo ndani muda wote, mtu anakaa, anabonyeza, anaenda. Fundi akikuomba ufunguo wa akiba abaki nao, muulize kwanini hatumii moduli ya data ya gari yako. Wakati mwingine anautumia kuprogramu tu na anakurudishia siku hiyohiyo, hiyo haina shida.

Ya kutonunua kabisa ni ile seti ya jumla ya kitufe cha kuwashia na vikadi vya kugusa, inayouzwa mtandaoni kwamba inaingia gari lolote. Vile vikadi vingi ni vya 125 kHz, vinanakiliwa kwa kifaa kidogo mtu akisogea karibu nacho, na ili ufungaji ukamilike mara nyingi loki ya usukani inatolewa na ufunguo halisi au chipu yake inaachwa humohumo. Umelipa pesa kuondoa kinga mbili kwa mpigo.

Sasa fundi. Kifaa cha namba tatu kwa fundi makini kinashinda cha namba mbili kwa fundi wa haraka. Usikubali vile vibanio vya kuuma waya juujuu kwenye nyaya za swichi, vinalegea, vinapata moto, taka soketi maalumu ya gari yako au kulehemu kwa risasi. Swichi ya boneti lazima ifungwe, boneti ikiwa wazi gari isiwake, mikono ya mtu inaweza kuwa kwenye feni. Kama gari ni ya gia za mkono, kifaa kiwe kile kinachokulazimisha uweke nyutro, uvute handibreki, ushuke na kufunga milango injini ikiwa inawaka ndo kiizime chenyewe, na mlango ukifunguliwa tena kikatae kuwasha mpaka urudie yote. Ukiambiwa hiyo hatua inaweza kurukwa, ondoka. Kabla hujalipa, iwashe kwa rimoti, kaa ndani bila ufunguo, kanyaga breki. Isipozima, haijaisha.

Weka muda wa kujizima dakika 10 au 15. Na usiwashe kabisa gari ikiwa kwenye banda lililoungana na nyumba hata mlango wa banda ukiwa wazi, monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi na inapenya mpaka vyumba vya kulala. Kama nyumbani kuna watoto wanaochezea rimoti, hili lisome mara mbili.

Na kama hununui kifaa bali gari iliyotumika ambayo tayari inacho, kuna kazi ya siku ya kwanza. Fundi afute rimoti zote kwenye kumbukumbu ya kifaa aweke zako upya, sio kuongeza tu. Kama kuna apu, mwenye gari wa zamani aitoe gari kwenye akaunti yake mbele yako. Kitufe kidogo cha siri kinachotumika kuprogramu rimoti kisibaki palepale chini ya usukani ambapo kila mtu anajua, kihamishwe. Alafu afungue dashibodi aangalie kama kuna ufunguo wa mtu umefungwa humo ndani.