Peugeot 504 na Peugeot 5008: ipi ibebe familia?

Ubora wa Peugeot 504, sedani iliyozinduliwa mwaka 1968 na kutunukiwa tuzo ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya mwaka uliofuata, haujulikani mpaka barabara iharibike. Kila gurudumu lake la nyuma hujitegemea, springi zake ni laini, na viti vyake vinene humeza mtikisiko uliosalia, hivi kwamba abiria wa nyuma anaweza kusinzia mahali ambapo dereva wa gari jingine angekuwa anatafuta pa kupitisha tairi. Peugeot 5008 ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017, hukata kona bila kulalia upande jinsi 504 inavyolalia, lakini ekseli yake ya nyuma huyaunganisha magurudumu mawili, na kwenye mashimo mgongo huitambua tofauti hiyo mara moja. Kwa raha ya safari katika njia mbovu, ninaipa 504 ushindi bila kusita.

Hata hivyo, mzazi hapaswi kuanza na raha. Sedani hiyo ilisanifiwa kabla ya mifuko ya hewa kuwa jambo la kawaida, na kiti chake cha nyuma ni kimoja kirefu kisicho na vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto. Katika 5008, safu ya kati ina viti vitatu vinavyojitegemea, kila kimoja kikiwa na vishikizo vyake na kikiweza kusogezwa mbele au nyuma, na vingine viwili hukunjuliwa kutoka sakafu ya buti ili abiria wawe saba. Hivyo vya mwisho ni vya watoto, na mtu mzima asikalishwe huko kwa safari ndefu. Kwa sababu hii peke yake, mwenye watoto wadogo anayemudu gari moja tu ninamshauri achukue 5008.

Upande wa injini, 504 ya petroli yenye kabureta, kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, inaweza kutengenezwa kando ya barabara na fundi mwenye spana za kawaida, ilhali 5008 ya lita 1.2, yenye silinda 3 na turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hutumia mafuta kidogo zaidi lakini hitilafu zake huhitaji kusomwa kwanza kwa kompyuta. Anayeichagua 504 aikague uvunguni kabla ya kufungua boneti, hasa sakafu na kingo za chini ya milango, kwa kuwa kutu hupenda kuanzia huko na kazi ya kuchomelea bodi ni ndefu.