Baiskeli ya mlimani ya magurudumu ya inchi 29 kwa mtu mfupi: nilivyoichagua, nilivyoifiti na nilichobadilisha

Mi ni mfupi, sentimita 163 na viatu juu, kwa hiyo kila nikiikokota hii baiskeli lazima atokee mtu aniulize kama hayo magurudumu hayajanizidi. Hayajanizidi. Kinachomzidi mtu ni fremu, na hapo ndo wengi wanapochanganya, wanaangalia ukubwa wa gurudumu wanasema hii ya warefu, alafu wanachukua baiskeli ya 26 yenye fremu ndefu inawaua mgongo.

Namba kidogo kwanza maana zinasaidia. Rimu ya 29, pale tairi inapokaa, ina kipenyo cha milimita 622, ni ileile ya baiskeli za barabarani za 700C, ukiivalisha tairi nene la mlimani ndo unafika hizo inchi 29. Ile 26 ya zamani ni 559 na 27.5 ni 584. Ukipiga hesabu utaona 27.5 ambayo watu wanaiita ya katikati iko karibu na 26 kuliko na 29, kwa hiyo mtu akikwambia tofauti ya 27.5 na 29 ni ndogo muulize ameipima wapi.

Nimeendesha zote tatu na kwa njia za mizizi na mawe sirudi nyuma. Gurudumu kubwa likikutana na jiwe linalipanda taratibu, halidumbukii kwenye kila kashimo, speed haifi hovyo, na kwenye mlima wa changarawe tairi inang'ang'ania maana sehemu inayogusa chini ni ndefu zaidi. Ubaya wake upo na nausema: ukianza toka umesimama unaisikia nzito, kona za kubana inabidi uilaze kwa makusudi, na kwenye fremu ndogo ukiwa unakata kona kali polepole ncha ya kiatu inaweza kukwaruza tairi la mbele. Hilo lijaribu kabla hujatoa hela, panda, weka pedali moja mbele kabisa, zungusha usukani uone kiatu kinapitaje. Ukienda kwa kasi haikusumbui kwa sababu usukani hauzunguki kiasi hicho, ila kwenye vinjia vya kupinda pinda unaweza kujikuta chini.

Na hii hadithi ya kwamba 29 ni za warefu tu ina historia yake. Gary Fisher, mmoja wa waanzilishi wa baiskeli za mlimani Marekani, alipokuwa anazipigia debe miaka ya mwanzo ya 2000 wengi walimcheka, fremu zenyewe zilikuwa hazijatengenezwa vizuri, zinageuka kwa uzito. Nino Schurter, Mswisi wa mbio za mlimani ambaye si mrefu wa kutisha, alichukua medali ya fedha ya Olimpiki ya London 2012 akiwa na 27.5, baadaye naye akahamia 29. Kwenye mbio za kuteremka Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda Kombe la Dunia kule Fort William, Scotland, 2017 na 29, na huyo ni mrefu kweli, lakini baada ya pale hata wafupi wakaanza kuzipanda. Kilichobadilika ni jiometri ya fremu, yaani pembe na vipimo vyake, gurudumu ni lilelile.

Sasa kuchagua. Achana na herufi za S na M zilizoandikwa kwenye fremu, kila kampuni ina M yake. Angalia namba mbili kwenye jedwali la vipimo, ya kwanza (reach) ni umbali wa kwenda mbele kutoka katikati ya krenki, ile mikono ya pedali, mpaka juu ya kichwa cha fremu pale usukani unapoingia, ya pili (stack) ni urefu wa kwenda juu kati ya sehemu hizohizo. Ya kwanza ndo inakwambia ukisimama juu ya pedali utakuwa umebanwa au umenyooshwa. Ya pili kwa mtu mfupi ndo shughuli, maana gurudumu kubwa na foko (ule uma unaolishika gurudumu la mbele) juu yake vinaupandisha usukani wenyewe, unajikuta mikono iko juu kuliko siti na kwenye mlima gurudumu la mbele linaelea. Nilikuwa katikati ya saizi mbili nikachukua ndogo, na ningeshauri mfupi yeyote afanye hivyo, usukani wa fremu ndogo unaweza kuusogeza mbele kidogo lakini fremu kubwa huwezi kuipunguza. Pia ukisimama umepachika miguu pande zote hakikisha bomba la juu haligusi, kinachosemwa sana ni ibaki nafasi kama ya sentimita tano hivi.

Kufiti nilianza na siti. Kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, ukirudisha mguu mahali pake goti linabaki na mkunjo mdogo. Goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma nyuma ujue iko juu. Alafu nikaja kwenye usukani, na hapa ndo pesa kidogo ilifanya kazi kubwa. Nilitoa pete zote zilizokuwa chini ya stemu, kile kipande kinachoushika usukani, nikaziweka juu yake, usukani ukashuka hapohapo bila kununua kitu (usizitupe, na usikate ule mrija wa foko mpaka uwe na uhakika). Stemu ilikuwa ya milimita 80, nimeweka ya 50, usukani wenyewe ulikuwa na upana wa 780 ambao kwa mabega yangu ni kama kukumbatia kabati. Kabla ya msumeno nilisogeza gripu na breki ndani sentimita mbili kila upande nikaendesha hivyohivyo na vipande vya usukani vikiwa vimechomoza nje, nikaona mikono imekaa, ndo nikakata ukabaki 740. Kuna wanaosema usukani mpana unakupa kontroli, sawa, unakupa kama mikono yako inaufikia.

Krenki nimeacha za milimita 170. Nyingi zinakuja na 175, tofauti inaonekana ndogo lakini magoti yangu yanaijua, na ukibadilisha kumbuka siti inapanda zile tano ulizopunguza.

Gia ndo watu wanaisahau kabisa wakihama kutoka 26. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko wa pedali unakupeleka mbali zaidi, kwa hiyo meno 32 mbele kwenye 29 unayasikia mguuni kama 35 kwenye 26. Kwenye tambarare raha, kwenye mlima unakufa. Yangu ilikuja na 32 mbele na kaseti (yale magia ya gurudumu la nyuma) ya meno 11 mpaka 42 nyuma, nikaweka 28 mbele basi, ni duara moja la chuma na boliti nne, mnyororo nikatoa pingili mbili, wepesi uliopatikana ni zaidi ya asilimia 12. Ningeweza kubadilisha kaseti niweke ya mpaka 51, lakini hapo unaingia kwenye dereila mpya (ile inayohamisha mnyororo), mnyororo mpya, na ukitaka zile za gia 12 zinazoanza na meno 10 hata kile kibeba kaseti kwenye haba (kitovu cha gurudumu) ya nyuma lazima kiwe cha aina yake. Anza na duara la mbele kwanza, ukishuka kwa kasi sana utaishiwa gia, mi sina haraka hiyo.

Alafu tairi. Kama una hela ya kitu kimoja tu weka kwenye tairi na uondoe tyubu, niko serious. Rimu yangu upana wa ndani ni milimita 30, mbele nimeweka tairi la 2.4 lenye meno makali nyuma la 2.3 linalobingirika kwa urahisi zaidi. Kuivalisha tyubulesi, yaani tairi bila tyubu, kunataka subira, unasafisha rimu mpaka mafuta yote yatoke, unabandika tepu huku unaivuta ikaze isiache kiputo, unatoboa tundu la valvu kwa kitu chenye ncha na si kisu, unamwaga dawa ya kuziba, mi naweka kama mililita 100 kwa tairi la saizi hii, alafu upepo kwa mkupuo. Pampu ya kawaida inaweza kukugomea, upepo unatoka pembeni kwa kasi ileile unayoingiza. Toa kile kichuma cha ndani ya valvu upepo upite mwingi, na paka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi. Likianza kukaa utasikia pah! pah! kingo zinaingia mahali pake, mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua mbili. Utaona vipovu vyeupe vinachemka kwenye ubavu wa tairi, hiyo ni dawa inatafuta matundu, lilaze gurudumu upande huu na ule mpaka vikome. Na mimi wa kilo 60 na kidogo natembea na psi 20 mbele na 23 nyuma, kwa tyubu ningeshapata pancha za tyubu kubanwa na rimu zamani. Dawa inakauka, kila baada ya miezi michache fungua uongeze.

Ukitaka magurudumu mapya pima haba kabla hujanunua chochote, nyuma kuna milimita 135, 142 na 148, na hiyo 148 ndo wanaiita Boost, mbele yake ni 110 badala ya 100. Haziingiliani hivihivi. Waliipanua kwa sababu spoki ndefu za gurudumu kubwa zikisimama wima sana gurudumu linayumba kwa pembeni, ukitanua haba zinapata mlalo mzuri. Kwa mtu mwepesi kama mimi hilo sikulisikia sana, mzito atalisikia.

Breki nimepandisha diski ya mbele kutoka milimita 160 kwenda 180, adapta na boliti mbili ndefu tu, maana gurudumu kubwa lina nguvu zaidi ya kuishinda diski ndogo. Soma kwanza foko yako inaruhusu mpaka ngapi. Nyuma 160 inatosha.

Foko yenyewe sijabadilisha na sioni sababu. Ni ya kuzama mpaka milimita 120, nimepunguza upepo mpaka nikikaa inazama kama 24, kale kapete ka mpira kwenye mguu wa foko ndo kanakuonyesha. Wanaokimbilia foko ya 140 kwenye fremu iliyotengenezewa 120 wanaupandisha tena ule usukani tuliohangaika kuushusha, na fremu yenyewe inaweza isikubali. Kinachofuata kwangu ni siti posti ya kushuka kwa kitufe, bomba langu la siti ni la milimita 30.9, na kwa fremu fupi natafuta ya kushuka 125 tu maana ya 150 haitaingia yote ndani.