TAHADHARI: Ruta za mtumba "zilizokwisha kusetiwa"

Muuzaji akikukabidhi ruta ya mtumba kisha akakusisitizia, "Usibonyeze riseti, itajifunga," mrudishie. Ruta isiyo na kasoro ikirisetiwa hurudi ilivyotoka kiwandani, basi. Kinachopotea ni jina na nenosiri la PPPoE (vya kuiingiza ruta kwenye intaneti), navyo kampuni yako ya intaneti itakupa. Na kama kweli inajifunga tena kwa mtandao mmoja, basi haikufunguliwa, umeuziwa uongo.

Anachoogopa ni kufutika kwa alichokipanda humo. Ingia kwenye mipangilio (mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1) ukague DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba) mahali pawili: WAN (upande wa intaneti) na DHCP (inayogawia vifaa vya ndani mipangilio ya mtandao). Wengi huangalia WAN wakaridhika, kumbe DHCP ndiyo inayogawia simu zote anwani za DNS ya tapeli, na ukiandika anwani ya benki unapelekwa kwenye ukurasa bandia. 8.8.8.8 na 1.1.1.1 zisikutishe, ni za umma. Kagua pia kama usimamizi wa mbali umewashwa, na kama kuna milango (port) iliyofunguliwa kutoka intaneti kuelekea ndani au VPN (njia ya siri ya mtandao) usiyoijua.

Ubaya mwingine ni ruta kutumika kupitishia data za watu wengine. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa haitakuonyesha, maana mtumiaji ni ruta yenyewe. Ipime hivi: zima Wi-Fi, bakiza kompyuta moja kwenye kebo, andika hesabu ya data iliyotumwa na iliyopokelewa upande wa WAN, chomoa kebo ya kompyuta, subiri nusu saa, rudi usome. Tofauti ya MB chache ni kelele za kawaida. Ukikuta MB 200 hivi, kuna kitu kinavuta karibu Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) mfululizo, yaani karibu GB 10 kwa siku na wewe umelala. Usiizime ruta katikati, hesabu itaanza upya. Na zipo ruta ambazo hesabu hurudi sifuri zikifika GB 4, kwa hiyo namba ndogo kuliko ya mwanzo isikuchanganye.

Ukishainunua tayari, riseti peke yake haitoshi, kwa sababu programu ya ruta yenyewe (firmware) inaweza kuwa imebadilishwa. Pakua programu kutoka tovuti ya mtengenezaji, ukilinganisha modeli na toleo lililoandikwa kwenye stika ya chini: ya v1 ikiingia kwenye v2, ruta inaweza kufa kabisa. Sasisha kwa kebo, umeme usikatike, ndipo ushikilie kitufe cha riseti kama sekunde 10 hadi taa zibadilike. Weka nenosiri jipya la msimamizi, zima WPS (kuunganisha Wi-Fi kwa kitufe au PIN) na usimamizi wa mbali.

Halafu lile faili la mipangilio alilokutumia "likusaidie ukikwama", lifute. Ukilipakia, unarudisha kila kitu ulichokwisha kukisafisha.