Fundi wa shaba wa Kamalondo na sarafu zangu za Marekani

Kwa miezi minne nimekuwa nikipeleka sarafu zangu za Marekani kwa fundi mmoja mwenye karakana ndogo hapa Kamalondo, na wenzangu wa Lubumbashi wanaohifadhi sarafu wanastahili kujua anachokifanya vizuri na anachokosea. Kazi yake ya kila siku ni kufua sahani na picha za shaba. Kukagua sarafu ni huduma aliyoianza kwa kuombwa na wateja. Anatoza franka elfu tano kwa kila sarafu, anaikagua mbele ya mwenyewe, naye hainunui. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwangu, kwa sababu anayekadiria sarafu huku akitamani kuinunua hawezi kuaminika hata awe na jicho zuri namna gani.

Huku kwetu dola ni noti. Mbadilisha fedha haipokei sarafu ya Marekani, na kwa kuwa franka yetu nayo ni ya noti tupu, wengi wetu hatukukua tukishika sarafu mikononi. Zinatufikia katika mifuko ya ndugu wanaorudi safari, na tangu kiwanda cha Philadelphia kilipopiga senti za mwisho za matumizi ya kila siku mnamo Novemba 2025, nasikia kila senti yenye doa au herufi zilizoachana ikisifiwa kuwa mali.

Sarafu ya kwanza niliyompa ilikuwa senti ya 1995. Baadhi ya senti za mwaka huo kweli zilitoka zikiwa na maandishi maradufu, yanayoonekana wazi kwenye maneno LIBERTY na IN GOD, na yangu ilikuwa na kitu kama kivuli kando ya LIBERTY. Fundi aliiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa, akaishika kwa ukingo tu, akasogeza kioo chake cha kukuza mara kumi, kisha akaizungusha polepole mpaka mwanga ukapita chini ya herufi L.

“Mama, usitazame upana wa herufi,” aliniambia. “Tazama kimo chake.”

Nilipotazama nilielewa. Kile kivuli kilikuwa bapa, kinang'aa, kimelala chini kama kidaraja cha ngazi, na herufi yenyewe ilikuwa imepungua unene upande ule. Hiyo ndiyo alama ya muhuri, yaani kile chuma kinachopiga picha kwenye sarafu, uliolegea mashinani ukasogea kidogo baada ya kupiga, ukakwangua ubavu wa herufi. Jambo la namna hiyo hutokea mara nyingi na haliongezi thamani. Chapa maradufu ya kweli huanzia kwenye muhuri wenyewe, pale unapopokea picha zaidi ya mara moja bila kulingana. Kila sarafu inayopigwa kwa muhuri huo hubeba kasoro ileile, picha zote mbili zina mwinuko wake, na pembe za herufi huonekana zimepasuka. Kwa senti nyingine, ya 1998, hakuhitaji hata dakika moja. Tangu 1982 senti ni zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, na ngozi hiyo ikichanika kwenye mguu wa herufi hubaki mstari wa kijivu ambao jicho lisilozoea huudhania herufi ya pili. Yeye aliutambua kwa rangi.

Kasoro yake katika upande huu ni kwamba anachunguza maandishi ya pembeni tu. Siku hizi mihuri ya Marekani hutengenezwa kwa mgandamizo mmoja, na picha ikisogea ndani ya mgandamizo huo kasoro mara nyingi hukaa karibu na kitovu cha sarafu. Nilimpelekea senti ya 2009, ile inayomwonyesha Lincoln kijana ameketi juu ya gogo akisoma, ambayo baadhi yake zina kidole cha ziada mkononi. Alikagua tarehe, akakagua maneno, akanirudishia. Ilibidi nimwombe atazame vidole. Anayekwenda kwake na abebe picha za sarafu zilizokwisha kuthibitishwa, kwa sababu yeye hana hata moja ya kulinganishia.

Kwenye rangi ya shaba, hata hivyo, sijapata mtu wa kumfikia. Nilipomwonyesha senti yenye zambarau na buluu nikamuuliza kama rangi hiyo ilikuja yenyewe au ilipikwa motoni, hakujibu. Alichukua kipande cha shaba kilichobaki kwenye kazi yake, akakisugua mpaka kikang'aa, akakishika motoni kwa koleo. Rangi ya machungwa ilitangulia, ikafuata zambarau, kisha buluu, yote kwa muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Ndipo akaniwekea senti yangu pembeni ya kipande kile. Rangi ya senti ilikuwa imeanza ukingoni ikafifia kuelekea katikati, na kuzunguka herufi palibaki uzi mwembamba wa shaba angavu ambao rangi haikuufikia. Rangi ya motoni haikubakiza uzi wowote. Ilifunika kila kitu kwa usawa. Kwa maoni yake senti ile ilibadilika polepole, na mimi nakubaliana naye. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, ambako misalaba ya shaba ilikuwa fedha kabla ya noti yoyote, nilijisikia nimefika mahali panapostahili.

Jambo jingine ninalomsifia ni kwamba hasafishi sarafu. Kabla yake nilikwenda kwa mtu mwingine mjini, simtaji, ambaye alichovya senti yangu kwenye maji ya limao “ili aione vizuri”. Ilitoka ya waridi kama kidonda kipya, na rangi ya miaka mingi ikapotea katika bakuli. Huyu wa Kamalondo, uchafu wa mafuta ukizidi, hutumia asetoni bila kusugua, na huomba ruhusa kwanza.

Kwenye sarafu za madini ya fedha tulitofautiana. Nina sarafu moja ya wakia, ile yenye tai inayotengenezwa tangu 1986 kwa fedha ya asilimia 99.9, ambayo ilikaa ndani ya bahasha ya karatasi hadi ukingo wake ukageuka buluu. Alisema papo hapo kwamba buluu ya namna ile ni ya kupikwa. Nadhani alihukumu haraka. Utando wa salfa unapozidi kunenepa juu ya fedha, rangi hufuatana: njano, kisha nyekundu ya zambarau, kisha buluu, na kwenye sarafu yangu mikanda hiyo mitatu ipo, kwa mpangilio huo, kuanzia ndani kuelekea ukingoni. Buluu iliyorukia katikati bila njano yoyote jirani ingenitia shaka hata mimi. Nilimwonyesha mikanda, akaitazama kwa muda mrefu, akasema fedha haijui kama shaba, na hakunitoza kwa sarafu ile.

Hatoi hati yoyote, kwa hiyo mwenye kutaka kuuza nje atahitaji bado cheti cha kampuni za Marekani zinazothibitisha sarafu, kama PCGS au NGC. Nendeni asubuhi, kabla hajawasha moto, mwanga wa mlangoni ukiwa bado mweupe. Baada ya saa sita karakana hujaa moshi, na katika mwanga ule kila senti huonekana nyekundu.