Fairphone 5: Simu Ninayoifungua kwa Ukucha

Haya, karibuni sana. Kabla sijasema lolote, angalieni hapa juu, kwenye kona ya kioo. Mnaiona? Asilimia 4. Mwanga nimeupandisha mpaka mwisho, video inacheza, na chaja nimeiweka mbali kabisa. Leo nataka hii simu izime. Izime tukiwa katikati ya maneno, mbele ya macho yenu, kwa sababu jambo lililonifanya niwashe kamera linaanzia pale inapozima. Kwa hiyo msiondoke.

Hii ni Fairphone 5, simu ya kampuni ya Uholanzi inayotengeneza simu za kudumu na rahisi kutengeneza zikiharibika. Ndiyo, ya mwaka 2023. Na ndiyo, najua kuna mpya iliyotoka 2025, naona vidole vimeshaanza kuwawasha mniandikie. Nitaifikia, na nina neno nayo.

Sifa za kwenye karatasi sitawasomea. Kioo ni OLED na ni kizuri, kamera mbili za nyuma ni megapikseli 50 kila moja, basi. Kitu kimoja tu nitakigusa, nacho ni chipu, yaani ubongo wa simu, maana watu wengi wameiponda bila kuuliza imetoka wapi. Ni Qualcomm QCM6490. Qualcomm waliitengeneza kwa ajili ya vifaa vya viwandani na vya kazini, vile vinavyowekwa mahali vikakaa miaka, na chipu za namna hiyo huendelea kuhudumiwa na mtengenezaji kwa muda mrefu kuliko chipu za simu za kawaida. Fairphone wakaichukua makusudi wakaiweka kwenye simu. Ndiyo maana wanaweza kuahidi masasisho ya programu mpaka 2031. Miaka minane, jamani! Mimi ndani ya miaka minane nimebadili simu nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa nzima kabisa, ila masasisho yalikatika. Michezo mizito itakwamakwama, sikatai. Ukiwa mtu wa michezo, hii simu si yako, nenda kwa amani.

Asilimia 3.

Sasa niwaambie hasira yangu ilipoanzia. Nilikuwa na simu moja, kampuni siitaji, kwa sababu wanaofanya mchezo huu ni wengi. Ikaniponyoka, kioo kikapasuka. Nikaipeleka kwa fundi, kijana makini, mkono mwepesi. Alikuwa na simu nyingine ya aina ile ile iliyokufa ubao, kioo chake kizima, kioo cha kiwandani hasa. Akakihamisha. Kikawaka, kinagusika vizuri, rangi zile zile. Halafu ukajitokeza ujumbe: kipuri hiki hakitambuliki. Na tangu dakika ile mwanga ukaacha kujirekebisha wenyewe. Nikitoka juani sioni kitu, nikiingia gizani unanichoma macho.

Kioo ni cha kampuni ile ile, simu ni ya kampuni ile ile. Kilichokosekana ni ruhusa! Kila kipuri kina namba yake, ubao mkuu unaikumbuka namba ya siku ya kwanza, na kuioanisha namba mpya kunahitaji programu ambayo fundi wa kawaida hapewi. Yule kijana alishika tama. Alifanya kazi yake yote sawasawa, akaonekana mbele ya mteja kama tapeli aliyeweka kioo feki. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata ule mwanga.

Na msidhani ni kilio changu peke yangu. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 inayokataza kufungia vipuri kwa mtindo huo kwenye vifaa vinavyotengenezwa kuanzia 2025. iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezwa, mwaka 2023 waliishusha iPhone 14 kutoka alama 7 hadi 4 kati ya 10 kwa sababu hiyo hiyo, ilhali muundo wake wa ndani walikuwa wameusifia. Mwaka uliofuata Apple wakatangaza kulegeza, vipuri halisi vilivyokwisha kutumika vikaanza kukubaliwa. Nawapa haki yao. Lakini hebu fikirieni, mtu anashukuru kuruhusiwa kutumia kioo ambacho tayari alishaki...

Imezima! Imezima, mmeiona? Nyeusi tii.

Sawa. Nasogeza kamera karibu. Karibu zaidi. Hapo. Hii kona ya kava ina mfinyo mdogo, ukipitisha kidole unauhisi hata ukiwa umefumba macho. Naingiza ukucha. Sina bisibisi, sina kile kiplastiki cha pembetatu wanachotumia mafundi, sina mashine ya joto. Navuta. Sikilizeni huu mlio. Tak, tak, tak, tak. Ni vishikizo vinaachia kimoja kimoja kuzunguka ukingo. Ngojeni nikirudishe nirudie, nataka uingie vizuri kwenye maikrofoni. Tak, tak, tak. Kava limetoka, ni jepesi, linapinda kidogo hivi halivunjiki.

Betri hiyo hapo, imelala kwenye kitanda chake. Tazameni pembeni: hakuna gundi. Hakuna utepe wa kuvuta, hakuna waya wa kuchomoa. Naiinua upande huu kwa kidole, imetoka. Iko kwenye gamba gumu lake, kwa hiyo sina hofu ya kuipinda wala kuitoboa. Miliampia-saa 4,200. Naiweka hapa kushoto. Na hii nyingine ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi, imejaa. Naishusha, inakaa, nabonyeza kidogo. Kava juu. Napitisha kidole gumba ukingoni mpaka kila kishikizo kilie. Kitufe. Tusubiri.

Wakati inawaka, niwaambie nilivyofanya mara ya kwanza. Nilifungua na kufunga mara sita mfululizo, sina sababu yoyote, kwa raha tu. Nimechambua vifaa miaka kadhaa sasa, na ni mara chache sana kifaa kimenifanya nihisi ni changu kiasi hiki.

Imewaka. Asilimia 100. Kutoka ilipozima mpaka nilipobonyeza kitufe, ukiondoa maneno yangu, ni nusu dakika haifiki.

Sasa linganisheni na simu nyingi tunazotumia. Kutoa betri yake unapasha joto kioo au mgongo mpaka gundi ilegee, unapenyeza kitu chembamba kati ya kioo na fremu huku unaomba usipasue, halafu betri yenyewe nayo imegandishwa chini. Kuna maendeleo, nisiwanyime. Kwenye iPhone 16 Apple waliweka gundi mpya kwenye baadhi ya matoleo, unaunganisha betri ndogo ya volti 9, umeme unapita, gundi inaachia yenyewe. Ni ubunifu mzuri sana, nilipouona nilisimama. Ila bado ni njia ya ustadi ya kutatua tatizo lililoletwa na gundi. Umoja wa Ulaya wameshaweka tarehe, 18 Februari 2027, betri za vifaa vidogo zinatakiwa ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Hii hapa inafanya hivyo tangu 2023.

Na haishii kwenye betri. Simu hii ina vipande kumi unavyoweza kubadilisha mwenyewe: kioo, kamera, spika, na kile kinachotutesa wote, tundu la chaja. Nani hajawahi kulaza kebo kwa pembe fulani, akaiwekea kitabu juu ili ichaji? Hapa tundu ni kipande chake peke yake, unakitoa kwa bisibisi ndogo ya nyota, unaweka kingine. Hakuna kuchomelea. Ukiweka kipya, simu haikuulizi umekipata kwa nani. iFixit waliipa 10 kati ya 10, na baada ya kuifungua mwenyewe sina la kubishana nao.

Kabla sijaendelea, habari za chaneli. Video za Jumatano zinahamia Jumamosi, mmekuwa mkiniambia katikati ya wiki hamna muda, nimewasikia. Na mubashara ya mwisho wa mwezi ipo, leteni maswali yenu ya vifaa, nitajibu mpaka yaishe. Ambaye hajajiandikisha, ajiandikishe, agonge na kengele. Tuendelee.

Mabaya yake. Ni nene, unene wake unakaribia sentimita moja, na ina uzito wa gramu 212, mfukoni unaijua ipo. Picha za mchana nzuri, za usiku zinachafuka kwenye vivuli. Maji isizamishwe, kinga yake ni IP55, yaani mvua na michirizi tu. Betri ya akiba niliichajia humu humu ndani ya simu jana usiku, nikaitoa, nikaweka nyingine nayo ikachajiwa. Ni usumbufu. Na bei ndiyo itakayowagawa watu. Kwa pesa hiyo utapata simu yenye kamera kali zaidi na mbio mara mbili. Ninachowaomba, mkipiga hesabu, wekeni na betri ya mwaka wa tatu, tundu la chaja la mwaka wa nne, na simu nzima mpya ambayo hamtainunua mwaka wa tano. Dhamana yenyewe ni miaka 5.

Halafu hili, hili linanikera mno. Tundu la spika za masikioni halipo. Fairphone 3 ya 2019 ilikuwa nalo. Mwaka 2021 wakatoa Fairphone 4 bila tundu, na siku hiyo hiyo wakatangaza spika zao za masikioni zisizo na waya. Mnakumbuka nani alifanya hivyo kabla? Apple, Septemba 2016, iPhone 7 na AirPods jukwaa moja. Kampuni inayohubiri vifaa vidumu inachukua tundu lililodumu kuliko karibu kila kitu ndani ya simu, inalifunga, na inakuuzia mbadala wenye betri mbili ndogo za kuchakaa. Samahani, hapo siwezi kuwatetea. Ninaipenda hii simu na hapo wamekosea.

Na ile mpya ya 2025 sasa. Ni ndogo zaidi, nyepesi, nzuri machoni kuliko hii. Ila kufikia betri yake lazima ushike bisibisi kwanza, skrubu zenye ncha sita, kisha ndiyo utoe. Bado ni rahisi kuliko simu nyingine nyingi, nakubali. Lakini ule ukucha umeondoka! Ndiyo maana nilitafuta hii ya zamani, na niliichagua nikijua.

Kuna mtu aliniuliza kama naichukia mifumo iliyofungwa. Hapana, na nitasema ukweli wote. Ukiwa na simu, kompyuta, saa na spika za masikioni za nyumba moja, raha yake ni kubwa. Unafungua kiboksi cha spika, simu imeshaziona. Unanakili maneno kwenye simu, unayabandika kwenye kompyuta. Nimeishi humo miaka miwili na nilifurahi. Shida ni siku unapotaka kutoka na kitu kimoja tu. Apple Watch haiunganishwi na simu ya Android. Galaxy Watch ya Samsung tangu Watch 4 ya 2021 haikubali iPhone. Kwa hiyo mtu anayetaka kubadili simu anajikuta anabadili na saa, ambayo haina ubaya wowote, iko mkononi mwake inahesabu hatua. Ukuta kama huo hauusikii ukiwa ndani, unausikia ukishika kitasa.

Na kuta hizi zinaweza kufunguka, msiambiwe teknolojia haikubali. Tazameni hii kebo moja niliyonayo mezani. Umoja wa Ulaya walipitisha sheria ya USB-C mwaka 2022. Kampuni iliyokuwa na tundu lake peke yake tangu 2012 ikatoa iPhone 15 yenye USB-C mwaka 2023, kabla hata sheria haijaanza kufanya kazi Desemba 2024. Leo kebo hii inachaji simu hii, inachaji iPhone, inachaji kompyuta yangu, inachaji hata taa inayonimulika hapa. Hakuna aliyekuja kulalamika kwamba anaitamani droo yake ya kebo nane.

Nikae hapa niwajibu na hili la mwisho: je, niitumie kama simu yangu kuu? Ndiyo. Nimeshahamisha laini yangu, na kadi ya kumbukumbu ipo humu chini ya kava, kitu kingine ambacho simu nyingi ghali zimekiacha. Picha za usiku nitapigia kamera yangu, basi.

Jumamosi nabadilisha kioo cha hii hii simu mubashara, bila kukata video, na sijawahi kukifanyia mazoezi. Bisibisi moja, na saa ya kuhesabu itakuwa kwenye kona ya kioo chenu. Betri hii iliyokwisha naiacha hapa mezani, nikizima taa naenda kuichaji.