Ushauri nasaha kwa vijana, Ntinda: huduma nzuri, saa chache

Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 16 katika kituo kidogo cha ushauri nasaha huku Ntinda, Kampala, baada ya kukuta chupa ndogo ya waragi, pombe kali ya Uganda, mkobani mwake, chini ya madaftari. Mshauri hakumgombeza, jambo lililonigusa sana. Alimwuliza kwa upole alianza lini, hunywa na nani, na nyumbani nani hunywa, kwa kuwa kuanza kabla ya miaka 15, marafiki wanywaji na mzazi mlevi huongeza hatari ya kutawaliwa na pombe ukubwani. Vipakiti vya waragi vilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa zipo. Kasoro moja: kituo hufungwa saa kumi alasiri, wanafunzi wangali darasani.