Mpira wa petroli wa mashine ya kupulizia korosho: chukua mweusi, achana na ule mweupe

Wakulima wenzangu wa Masasi, Newala na Tandahimba, someni hii kabla hamjaanza kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaokatwa kwa mita kwenye maduka ya spea, wa kutoa petroli tenki kupeleka kabureta, dukani unavutia kweli, laini, unaukunja unavyotaka, mafuta unayaona yanavyopita na bei chee. Sasa msimu ukiisha mashine inakaa stoo chini ya bati, joto la huku mnalijua wenyewe, ukija kuitoa mwezi wa sita mpira umekuwa wa njano, umesinyaa, mgumu kama kijiti, unaugusa tu pale kwenye kabureta unakatika pah, na kama ungekatika umeshaibeba mgongoni inaunguruma, petroli inamwagikia injini ya moto. Hapo mtu anaungua.

Wengi wanasema feki. Mimi nasema hata orijino yake itafika hukohuko, maana ile ni PVC, na PVC yenyewe ni ngumu, ndo hiyohiyo ya mabomba ya maji. Kiwandani wanaichanganya na kilainishi, mara nyingi cha jamii ya fthaleti, ambacho hakijashikana na plastiki kikemia, kimejipenyeza tu katikati. Joto linakitoa polepole, petroli ndo inakinyonya kabisa, unabaki na PVC kavu. Ile njano nyingine ni rangi ya mafuta, ila joto la muda mrefu nalo linaifanya PVC iachie gesi ya asidi, haidrojeni kloraidi, na hiyo ikibaki humo inachochea uharibifu uzidi. Kuna mafundi wanauchovya kwenye maji ya moto, unalainika ukiwa na moto tu, ukipoa palepale, kilainishi kilichotoka hakirudi.

Ombeni mpira mweusi wa mafuta wa pikipiki, raba ya nitrailo, mara nyingi umeandikwa NBR. Beba kipande cha zamani upime tundu, usibebeshwe mpana. Bei yake iko juu kidogo ila petroli haiusumbui sana. Nao joto linauzeesha, kwa hiyo mwaga mafuta yote kabla ya kuhifadhi na mashine iweke chini, mbali na bati.

Mweupe nyota moja. Mweusi nne, ya tano nimeinyima sababu hauoni ndani, hewa ikiingia mpaka mashine izime ndo unajua.